Kufua

Mtu hunawa mikono, huoga mwili, huosha vyungu. Lakini nguo huzifua. Asili ya kufua ni kupiga. Mhunzi hufua chuma, yaani hukipiga kwa nyundo juu ya fuawe. Na mwenye nguo huzipigapiga juu ya jiwe mtoni hata taka zitoke. Hivyo kazi ya moto na kazi ya maji zina jina moja. Siku hizi wengi hufikicha nguo ndani ya beseni, wala hawazipigi, ila neno ni lile lile.

Katika nchi ya Ukinga, palipo Iwawa, wafuaji waliosifiwa zamani hawakuwa wa nguo. Walikuwa wahunzi, na majembe waliyoyafua yalichukuliwa kuuzwa hata Unyakyusa.