Rejista, Bima na Fidia

Mfanyabiashara mdogo wa Matombo, milimani Uluguru, atumaye vanila mara mbili tu kwa mwaka kupitia posta ya Morogoro, yamtosha bima ya safari moja moja. Lakini fomu ikitafsiriwa vibaya, hasara ni yake. Hivyo twapendekeza istilahi hizi zitenganishwe. *Rejista* ni kuandikishwa kwa kifurushi na kutiwa saini kipokewapo. Kikipotea, hulipwa kiwango maalumu. *Bima* ni mkataba: mtumaji hutaja thamani na kulipa ada. *Fidia* ni malipo yafuatayo hasara halisi, yasiyozidi thamani iliyotajwa. Akitaja pungufu ili aokoe ada, fidia nayo itapungua. Mfasiri asiandike “bima” palipokusudiwa “rejista”.