Mkristo na Chama cha Conservative: Ugomvi Huu Ulianzia Wapi?

Kila uchaguzi unapokaribia hapa Uingereza, makundi ya WhatsApp ya makanisa yetu sisi Waafrika Mashariki huchangamka. Mmoja anatuma kwamba Mkristo wa kweli apigie Conservative, chama kinachotetea ndoa na familia. Hazipiti dakika nyingi, mwingine anajibu kwamba hicho ni chama cha matajiri. Mabishano haya Waingereza wenyewe wameyafanya kwa vizazi, tena ndani ya makanisa yaleyale yaliyotuma wamisionari kwetu.

Zamani Kanisa Anglikana lilitaniwa kuwa ni chama cha Tory, yaani Conservative, kilichopiga magoti. Utani huo ulikuwa na ukweli, na si wote wa aibu. Lord Shaftesbury, Mtory na mlokole wa siku zake, ndiye aliyesimamia sheria ya mwaka 1842 iliyokataza wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi migodini. Lakini hata waasisi wa chama cha Labour walikuwamo kanisani: Keir Hardie alikuwa mchimba makaa aliyehubiri Injili. Kwa hiyo imani haikuwahi kuwa mali ya upande mmoja.

Ugomvi ulipamba moto enzi za Margaret Thatcher, kiongozi wa Conservative. Baba yake, Alfred Roberts, alikuwa na duka la vyakula mjini Grantham, na Jumapili alihubiri katika kanisa la Methodisti. Binti alikua akifundishwa kufanya kazi, kuweka akiba na kujitegemea. Alipokuwa Waziri Mkuu, aliwahi kusema kwamba Msamaria Mwema asingekumbukwa na mtu kama angekuwa na nia njema tu. Msamaria huyo, alisema, alikuwa na fedha pia.

Desemba 1985 Kanisa Anglikana, chini ya Askofu Mkuu Robert Runcie, lilitoa ripoti kuhusu umaskini wa mijini, nayo ililaumu waziwazi sera za serikali. Upande wa serikali ukaibeza kuwa ni ya Kimarx. Tarehe 21 Mei 1988 Thatcher akaenda Edinburgh kuhutubia Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland. Alisema Ukristo unahusu wokovu wa roho kuliko mageuzi ya jamii, akataja agizo la Paulo kwamba asiyetaka kufanya kazi asile, akaongeza kwamba kosa si kutafuta mali bali kuipenda mali kwa ajili ya mali. Alipomaliza, Moderata, yaani mwenyekiti wa mkutano, James Whyte alimshukuru, kisha akamkabidhi ripoti za Kanisa kuhusu umaskini na makazi.

Hapo ndipo kiini cha mambo kilipo. Pande zote mbili zilisoma Biblia ileile, wala hazikubishana kama maskini asaidiwe. Zilibishana nani abebe mzigo huo: mtu na kanisa lake kwa hiari, au serikali kwa kodi. Biblia haituagizi kiwango cha kodi, kwa hiyo Mkristo anaweza kuamini katika kodi ndogo bila kuikana imani yake. Asichoweza kusema ni kwamba maskini hamhusu.

Na ile hoja ya familia? Sheria ya ndoa za jinsia moja ya mwaka 2013 ililetwa na serikali ya David Cameron, wa Conservative, ingawa wabunge wengi wa chama chake waliipinga. Sasa tuje kwenye familia zetu sisi wahamiaji. Mwaka 2012 serikali hiyohiyo iliweka sharti kwamba anayetaka kumleta mwenzi wake awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 2024 kiwango kikapanda hadi pauni 29,000. Mwezi mmoja kabla, waombaji wapya wa viza ya kulea wazee walizuiwa kuja na mume, mke au watoto. Anayekesha akimgeuza kitandani mzee wa watu huwaona wanawe kwenye simu. Labour walipoingia madarakani Julai 2024 walisitisha mpango wa serikali iliyotangulia wa kukipandisha zaidi kiwango hicho cha kipato, lakini hawakulifuta sharti lenyewe. Chama kitakatifu hakipo.

Kwa hiyo Mkristo anaweza kuwa Conservative, kama anavyoweza kuwa Labour. Kadi ya chama si cheti cha ubatizo, na mchungaji anayefanya kimoja kuwa kipimo cha kingine anawapotosha waumini.

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda mnaoishi hapa kihalali, mna haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge, kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Jiandikisheni. Mgombea akija kanisani kusalimia, msimuulize kama ameokoka. Muulizeni atafanya nini kuhusu zile pauni 29,000.