Ziwani Tulinunua Samaki, Vingine Tulitoka Navyo Ibadakuli

Familia nyingi za huku kwetu Shinyanga hazishindwi na nauli ya kwenda kutembea. Nauli inajulikana, mtu anaiweka pembeni kidogokidogo hadi inatimia. Kinachowavunja moyo ni tumbo. Nawasikia wateja wangu wakipiga hesabu hiyo mezani: nauli sawa, kiingilio sawa, lakini watoto wanne watakula nini tangu asubuhi hadi usiku? Basi safari inasogezwa hadi mwakani, na mwakani inasogezwa tena, mpaka mtoto anamaliza darasa la saba hajaliona ziwa ambalo maji yake anakunywa kila siku. Maana maji ya bomba ya Shinyanga na Kahama yanavutwa kutoka Ihelele, Ziwa Victoria, tangu mradi ule mkubwa ulipozinduliwa mwaka 2009.

Mimi ni mama lishe, napikia hapa Ibadakuli kando ya barabara. Wanaokula kwangu ni madereva, mafundi na vibarua. Najua chakula kinavyopangiwa bei, na likizo ya Juni nilipoamua kuwapeleka wanangu Mwanza kukitembelea Kisiwa cha Saanane, nilianza na hesabu ya chakula kabla ya kuulizia basi. Tulikuwa watu saba: mimi na baba watoto, mapacha wetu Kulwa na Doto, kaka yao, mtoto wa wifi yangu, na mama mkwe.

Kwanza tuielewe bei yenyewe. Mwenye mgahawa ndani ya bustani ya michezo, penye mabembea au mabwawa ya kuogelea, analipa pango kubwa. Siku za kazi hana wateja, anangoja Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Wali alioumwaga Jumanne unalipiwa na mlaji wa Jumapili. Zaidi ya hayo, mnunuzi wake hana pa kwenda. Ameshalipa kiingilio, mtoto analia njaa, hawezi kutoka nje akalinganishe bei na kibanda cha jirani. Mimi hapa nikipandisha sahani kwa shilingi 500 tu, dereva anavuka barabara anakula kwa mwenzangu. Mwenye mgahawa wa ndani ya geti hana hofu hiyo. Chukua sahani ya shilingi 8,000, bei ambayo sehemu za starehe haimshtui mtu. Kwa watu saba ni 56,000, na hapo hakuna aliyekunywa maji. Kwa nyumba kama yangu hiyo ni mboga na unga wa siku nyingi.

Kwa hiyo niliamua hivi: tutanunua mlo mmoja, na uwe ule ambao Ibadakuli hatuupati, samaki wa ziwani aliyevuliwa karibuni. Vingine vyote vitoke jikoni kwangu.

Baba Kulwa hakupendezwa. Alisema, "Mama Kulwa, tutaonekana watu wa shamba, tumeingia mjini na ndoo ya chakula." Najua si yeye peke yake mwenye mawazo hayo. Watu wengi wanaona kubeba chakula ni kujitangazia umaskini, na aibu hiyo inawagharimu wazazi fedha nyingi kuliko njaa yenyewe. Mama mkwe ndiye aliyemjibu. Alimkumbusha mwanawe kwamba reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na tangu yeye akiwa msichana, ndani ya behewa kila mtu alifungua cha kwake akamkaribisha wa pembeni. Nikaongezea la kwangu: hata Disneyland ya California, bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1955 na kujulikana dunia nzima, inamruhusu mgeni kuingia na chakula chake, ilimradi hana chupa za kioo wala pombe. Kama Wamarekani wanaingia na mikate yao mkobani, sisi tunaogopa nini na matobolwa yetu?

Matobolwa ndiyo yaliyotuokoa, na nataka niyaseme vizuri, maana vijana wameanza kuyasahau. Viazi vitamu vikishavunwa, unaweza kuvikatakata vibichi ukavianika juani, hiyo ni michembe, ambayo lazima uichemshe tena ndipo iliwe. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa, ndipo vikaanikwa. Hayo unayatafuna vivyo hivyo, matamu, magumu kidogo, na mtoto akishika kipande kimoja anakaa nacho muda mrefu. Hayana maji ndani, kwa hiyo hayachachi njiani, na bibi zetu waliyaweka ghalani kwa miezi. Changanya na karanga zilizokaangwa kwa chumvi, umepata chakula cha nguvu ambacho hakihitaji moto, sahani wala kijiko. Dukani utanunua biskuti zenye uzito kama huo kwa fedha nyingi zaidi, na mtoto atazimaliza kabla basi halijafika Maganzo.

Jambo ambalo wapishi wa nyumbani wengi hawaliangalii ni mpangilio wa kula. Si kila chakula ulichobeba kinaweza kungoja. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kibaki na moto unaozidi nyuzi 60 au kiwe baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo ndipo vijidudu vinapozaana. Wali ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote. Una bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye vijimbegu vyake vinavumilia hata maji yanayochemka. Wali ukipoa polepole ndani ya chombo, vinaamka na kutoa sumu, na ukiupasha moto sumu haiondoki. Mtoto akitapika jioni ya siku ya matembezi, wazazi wanadhani ni basi, kumbe huenda ni wali. Hotpoti nzuri husaidia kwa muda, lakini si kutoka alfajiri hadi alasiri. Wali, maharage na nyama ya mchuzi niliviacha nyumbani.

Saa 11 alfajiri kila mtu alikunywa uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga, bakuli kamili. Mlo huo wa kabla ya kutoka una thamani kuliko yote, kwa sababu mtoto aliyeshiba hashawishiki na kila kinachopitishwa dirishani stendi. Mayai niliyachemsha muda huohuo, na yaliliwa ndani ya basi pamoja na maandazi kabla ya kufika Mwigumbi, yakiwa bado mapya. Chapati kavu, zisizo na mchuzi, zilingoja. Ndizi mbivu na machungwa vilikaa juu ya ndoo ili visipondeke. Matobolwa na karanga vilikuwa chini kabisa, maana hivyo hata tungelala njiani visingeharibika.

Maji tulibeba dumu mbili za lita 5, yaliyochemshwa jana yake. Dumu moja ya kunywa, nyingine ya kunawa na kipande cha sabuni. Nalisisitiza hili kwa wazazi wenzangu: watoto wasinawe wala kuchezea maji ya ufukweni ziwani. Kuna kichocho, na vijidudu vyake vinapenya kwenye ngozi, si lazima mtu ayanywe maji.

Saanane ni hifadhi ya taifa iliyomo ndani ya Jiji la Mwanza, upande wa Capri Point, unafika kwa boti kwa dakika chache tu. Ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ni ndogo mno, kilomita za mraba 2 na ushei. Kisiwa kinaitwa kwa jina la mzee aliyekuwa akiishi pale, mvuvi na mkulima. Nilipenda kwamba ni miamba na vivuli, na kuna sehemu za kukaa na kula ulichobeba. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio katika hifadhi za taifa, na sisi Watanzania tunalipa kidogo kuliko wageni. Ila uliza mapema, bei na taratibu za malipo hubadilika.

Tulitandika mkeka chini ya mwamba. Pimbi walikuwa wanaota jua juu yetu, na Doto akataka kuwarushia chapati. Askari wa hifadhi alimkataza kwa upole, akatueleza kwamba mnyama akizoea chakula cha watu huacha kujitafutia, kisha huanza kunyang'anya. Tumbili ndio hodari wa hilo. Ndiyo maana ndoo yenye kifuniko cha kubana inashinda kikapu na inashinda begi: tumbili haifungui, mvua haiingii, na chakula kikishaisha unabebea maganda yenu kurudi nayo. Mifuko ya plastiki msihangaike nayo, ilipigwa marufuku nchini tangu Juni mosi 2019.

Kuhusu vitamu vya watoto, kila mmoja nilimpa shilingi 1,000 yake asubuhi, nikamwambia hiyo ndiyo ya siku nzima, anunue anachotaka, saa anayotaka. Tangu hapo hakuna aliyenivuta khanga. Kulwa alinunua lambalamba mara tu tuliporudi bara. Kaka yake alizunguka na noti yake akilinganisha bei kwa wauzaji watatu, jambo ambalo sikuwahi kumfundisha.

Alasiri ndipo tulipokula mlo wetu wa kununua. Hatukula ufukweni penye viti vya kupakwa rangi. Tulichukua daladala hadi karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, tukatafuta walipojaa wapakiaji na madereva. Mtu anayefanya kazi ya mikono hawezi kulipa zaidi wala kula kidogo, kwa hiyo anapokula yeye, na wewe kaa. Nilichagua samaki mwenyewe akiwa bado hajakaangwa, nikaangalia macho na mashavu, tukakubaliana bei kabla mtu hajanawa mikono. Sato wakubwa watatu, ugali wa kuongezewa, mchicha na pilipili. Ungeagiza sahani saba ungelipa karibu mara mbili. Samaki mzima wa kugawana ni nafuu kuliko vipande, na ugali unashibisha kuliko chipsi. Mama aliyetupikia aliponiona ninavyogeuza samaki alicheka, akaniuliza, "Dada, na wewe unapika?" Tulizungumza bei za mafuta na mkaa hadi watoto wakaanza kusinzia.

Wenzetu wa Geita wanaokuja Mwanza nao siku hizi mambo yao ni mepesi. Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo ilikula fedha za safari nzima, watoto wakinunuliwa mayai, soda na samaki wa kukaanga huku magari yakisubiri. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, huko kusubiri kukaisha. Wanaoelekea Dar es Salaam, Sabasaba au kwenye mabwawa ya Kunduchi, wajue kwamba mwendo ni wa siku nzima na zaidi: mayai yasivuke asubuhi, na wapige simu waulize kama geti linaruhusu chakula cha nje. Pasiporuhusu, wale vizuri kabla ya kuingia na wapange kutoka kabla ya njaa ya pili.

Kabla ya kupanda basi la kurudi nilipita tena Mwaloni nikanunua dagaa wakavu, kiroba kidogo. Nusu niliichukua kwa ajili ya biashara yangu. Nusu nyingine jirani aliyebaki akitulishia kuku alikuwa ameniagiza, akanilipa kwa bei ya Shinyanga kama tulivyopatana. Faida yake ililipa nauli ya mapacha.