Msichana, Usifiche Goti Ukitafuta Chuo

WASICHANA wanaocheza voliboli katika shule za upili, Kitengela na Kajiado mjini zikiwemo, wanajua kwamba mchezo huu unaweza kuwafungulia mlango wa chuo kikuu, nchini au Marekani. Klabu za Kenya Prisons, KCB na Kenya Pipeline nazo husaka vipaji. Timu ya taifa, Malkia Strikers, ilicheza katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Lakini iko tabia inayotutia wasiwasi sisi madaktari. Msichana akisikia kocha wa chuo anakuja kuteua wachezaji, huficha maumivu, humeza tembe na kuingia uwanjani.

Maumivu chini ya pia ya goti husababishwa na kuruka mno bila kupumzika. Yakitibiwa mapema, hutulia kwa kupunguza kuruka na kuimarisha misuli ya mapaja. Yakipuuzwa, huweza kudumu miezi mingi.

Hatari zaidi ni goti kulia 'paa!' wakati wa kutua, kisha kuvimba saa chache baadaye. Huenda ligamenti ya ndani imekatika. Wasichana huumia hivi zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo huo huo. Akifanyiwa upasuaji, asirudi uwanjani kabla ya miezi 9. Kinga yake ni kujifunza kutua kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa na hayaelekeani.

Dalili nyingine ni hedhi. Ikikosekana miezi 3 mfululizo, au msichana akifika miaka 15 bila kuipata, amwone daktari. Kama si mimba, huenda anakula kidogo kuliko nguvu anazotumia, na mifupa yake hudhoofika. Githeri, mayai, maziwa, omena na sukuma wiki vitamfaa.

Kuficha hakusaidii. Vyuo vya Marekani vilivyo chini ya NCAA humtaka mchezaji apimwe na daktari kabla ya kuanza mazoezi, na huuliza pia kuhusu selimundu. Goti bovu litajulikana huko, mbali na nyumbani.

Mzazi, mpeleke binti yako apimwe kabla ya msimu kuanza. Nawe kocha, mchezaji anayechechemea mpumzishe, hata kama wateuzi wameketi kando ya uwanja. Nafasi nyingine huweza kupatikana. Goti likiharibika, kulirudisha lilivyokuwa ni vigumu.