Malezi, Haiba na Kujiamini kwa Wanafunzi wa Chuo Kikuu katika Kuchagua Kazi

1.0 Utangulizi

Nchini Tanzania uchaguzi wa kazi huanza mapema. Mwanafunzi huingia kidato cha tano akiwa na tahasusi yake, kwa mfano Fizikia, Kemia na Baiolojia, au Historia, Kiswahili na Kiingereza, na tahasusi hiyo ndiyo hufungua au kufunga milango ya kozi za chuo kikuu. Katika uamuzi huo wazazi, walimu na alama za mtihani huwa na sauti. Pengine sauti ya kijana mwenyewe ndiyo ndogo kuliko zote. Kwa hiyo si ajabu kumkuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwenye alama nzuri, ambaye hawezi kueleza anataka kufanya kazi gani. Makala haya yanaeleza jinsi malezi na haiba vinavyochangia hali hiyo.

2.0 Dhana ya Kujiamini

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutokana na mambo manne: mafanikio yake mwenyewe, kuwaona wengine wakifanikiwa, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili na hisia. La kwanza ndilo lenye nguvu zaidi. Mwaka 1983 Karen Taylor na Nancy Betz waliitumia nadharia hiyo kupima jinsi wanafunzi wa vyuo wanavyojiamini katika kujitathmini, kutafuta taarifa za kazi, kuteua lengo, kupanga na kutatua matatizo. Kwa mtazamo huo, anayejiamini si lazima awe amekwisha kulipata jibu. Ni yule anayeamini kwamba anaweza kulitafuta.

3.0 Nafasi ya Malezi

Waswahili husema, 'Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo'. Diana Baumrind, katika miaka ya 1960, alibainisha malezi ya aina tatu: ya kimabavu, ya kuendekeza, na yale yanayounganisha upendo, mipaka na maelezo. Mtoto anayeamriwa kila jambo hakosi nidhamu, bali hukosa mazoezi ya kuamua. Anayeachiwa kila jambo huamua bila kipimo. Anayeulizwa maoni yake na kuruhusiwa kukosea katika mambo madogo hufika chuoni akiwa na akiba ya uzoefu.

Hata hivyo, Baumrind alichunguza familia za Marekani. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, ambako karo ya mtoto mmoja huweza kuchangiwa na ukoo mzima, wazee wana haki ya kushauri. Tatizo si wazazi kushiriki, bali ni kijana kutoshirikishwa.

4.0 Nafasi ya Haiba

Malezi pekee hayatoshi kueleza kila kitu, kwani ndugu waliolelewa nyumba moja hutofautiana. Mwenye wasiwasi mwingi huweza kuuchukulia ukimya wa baba kuwa ni katazo, ilhali nduguye huuchukulia kuwa ni ruhusa. Mwenye bidii na utaratibu hukusanya taarifa mapema, na taarifa hizo humwongezea imani. Aidha, upole usichanganywe na kutojiamini: msemaji hodari barazani huweza kuyumba anapotakiwa kuamua, na mkimya akawa na msimamo thabiti.

5.0 Hitimisho

Katika miaka ya 1970 na 1980 wahitimu wengi wa Tanzania walipangiwa kazi na serikali. Leo mhitimu hujitafutia mwenyewe. Hivyo kutojiamini kuna gharama kubwa kuliko zamani. Chuo hakiwezi kubadili malezi yaliyokwisha kupita, wala haiba ya mtu, lakini kinaweza kutoa mazoezi yaliyokosekana. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kutafsiri waraka ukatumika, au kuhariri mswada ukachapishwa, ana ushahidi wa uwezo wake ambao hata mzazi mwenye mashaka atalazimika kuusikiliza.