Taarifa ya Mwalimu Ifike Mapema

Kyarumba, wilayani Kasese nchini Uganda, msimu wa kuchuma kahawa huita mikono yote, hata ya watoto. Mzazi akijua mapema kwamba Alhamisi darasa litapanda miche, ataipanga kazi ya shamba siku nyingine. Akiambiwa Jumatano jioni, amekwisha chelewa. Shule za Uganda zilipofungwa, zote au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, masomo yalihamia nyumbani, na mzazi asiyejua mwalimu anataka nini hakuwa na namna ya kumsaidia mtoto. Wapo wasemao barua ya mwalimu haimfai mzazi asiyesoma. Ni kweli, lakini tangazo kwa Lhukonzo, lugha ya hapa, kanisani au sokoni humfikia, na mtoto aliyeelezwa vizuri hulifikisha. Mwalimu ana kazi nyingi, nakubali. Ila dakika chache za Ijumaa, za kutangaza mipango ya wiki ijayo, humpunguzia madawati matupu.