Kujitayarisha Kuacha Sigara

Leo twazungumza juu ya sigara. Hatutakugombeza. Wavutaji wengi wamekwisha gombezwa vya kutosha na wake zao na watoto wao, wala sigara haikuzimika kwa ugomvi huo. Somo letu ni juu ya kazi itanguliayo kuacha, yaani matayarisho.

Mtu wa Ilala akitaka kusafiri kwenda Kigoma hukata tikiti, hufunga mzigo, humwomba jirani amwangalizie chumba. Lakini mtu yule yule huamka asubuhi moja akasema, "Leo naacha sigara," bila tayarisho lolote. Ifikapo saa nne amekwisha omba kipisi.

Kwanza tumfahamu adui. Katika tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini. Ukivuta moshi, nikotini hufika katika ubongo kwa sekunde chache tu. Ubongo huizoea, kisha huidai, kama mwenye nyumba adaivyo kodi. Usipolipa, wakasirika upesi, usingizi unakimbia, mawazo hayatulii. Vijana wa mjini huita hali hiyo arosto. Watu wengi hudhani hiyo ni dalili kwamba mwili wataka sigara ili upate nguvu. Sivyo. Ni deni linadaiwa. Nalo huwa kali zaidi katika siku 2 au 3 za kwanza, kisha hupungua, na kwa watu wengi huisha katika majuma 2 mpaka 4. Tena hamu yenyewe, kila ijapo, hukaa dakika chache tu. Andika katika daftari lako kwa herufi kubwa: HAMU HUJA, HAMU HUPITA.

Nikotini ndiyo ikufungayo, lakini kiuacho zaidi ni moshi. Ndani yake mna uchafu mweusi wa kunata kama lami ya barabara, nao huingia mapafuni. Tena mna gesi ya sumu, ile ile itokayo katika jiko la mkaa. Sote twajua hatari ya kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Mvutaji hujitia gesi hiyo kidogo kidogo mchana kutwa, na walalao naye chumba kimoja hugawiwa sehemu yao. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha kwa hesabu kwamba wavutaji hupata saratani ya mapafu mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta. Habari njema ni kwamba mwili hauna kinyongo. Ukiacha, gesi ile hutoka katika damu kwa siku moja au mbili. Baada ya mwaka mmoja, ile hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hupungua kama nusu.

Labda wewe wasema, "Mimi siwezi kukaa hata saa moja." Lakini waangalie wavutaji wafungao Ramadhani hapa mjini. Tangu alfajiri mpaka magharibi, saa 13 hivi, hawagusi sigara, na kazi yao wanaifanya. Mwili unaweza. Basi kwa nini wengi huwasha mara baada ya kufuturu? Kwa sababu walijitayarisha kwa mchana, hawakujitayarisha kwa usiku.

Haya, chukua kalamu. Kwa muda wa juma moja usiache kwanza. Vuta kama kawaida yako, lakini kila sigara iandike: saa ngapi, mahali gani, pamoja na nani. Hapa ndipo kujua kusoma na kuandika kunapokuwa silaha. Mfikirie msukuma mkokoteni wa Kariakoo. Karatasi yake yaweza kusema hivi: saa 11 alfajiri, kabla ya chai, peke yangu. Saa 3, baada ya kushusha mzigo, pamoja na wenzangu. Saa 10, kijiweni, na kahawa. Akiisoma ataona kwamba sigara nyingine ni za deni la mwili, kama ile ya alfajiri, na nyingine ni za kukaa na watu tu. Kila moja ina dawa yake. Ya alfajiri aoge mara aamkapo, anywe chai mapema. Ya kijiweni ni ngumu zaidi, na hapo yafaa tukae kidogo.

Kijiweni sigara si moshi tu, ni salamu. Mwenzako akikunyoshea sigara ukakataa, aweza kudhani umemdharau. Kwa hiyo usingoje siku hiyo ndipo utafute maneno. Yatayarishe sasa, mafupi, bila hotuba: "Ahsante ndugu yangu, nimeacha. Niagizie kahawa." Tena si lazima utangaze kwa baraza zima, maana wapo wapendao kumcheka mtu akianguka. Chagua mmoja, mtu mwenye siri na subira, umwambie siku utakayoanza. Mwombe jambo moja tu: hamu ikikushika, akae nawe dakika zile chache mpaka ipite. Mkeo au mumeo naye aambiwe kwamba juma la kwanza utakuwa mkali, asidhani umemchukia. Mwambie pia yule akuuziaye sigara moja moja mezani pake asikukopeshe tena. Mkopo wake ndio mlango wa nyuma. Wala usimtume mtoto akununulie. Sheria ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18.

Kusaidiana namna hii si jambo geni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni 2 wa Tanzania walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma pamoja, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kikundi cha watu watatu waachao sigara pamoja chaweza kukutana vivyo hivyo, dakika kumi baada ya darasa.

Sasa hesabu kidogo. Tuseme sigara moja ni shilingi 200, nawe wavuta 10 kwa siku. Hizo ni shilingi 2,000 kwa siku, 60,000 kwa mwezi wa siku 30, na 730,000 kwa mwaka. Bei ya kwenu waijua wewe. Badili tarakimu ufanye yako.

Hospitalini nako usiogope kuuliza. Zipo dawa zipunguzazo arosto, nyingine ni za kutafuna, nyingine hubandikwa ngozini. Mwulize daktari au mwuza dawa kama zinapatikana na kama zakufaa. Na ukiwa umekohoa majuma 2 au zaidi, usiseme ni kikohozi cha sigara tu. Nenda Amana au zahanati iliyo karibu nawe ukapimwe kifua kikuu. Matibabu yake ni bure.

Je, ukianguka ukavuta moja? Wengi huanguka, na wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa. Usinunue ya pili kwa hasira. Rudi kwenye karatasi yako uandike ilikuwa saa ngapi, wapi, na nani.

Kazi ya nyumbani: chagua siku, uandike tarehe yake. Chini yake andika jina la yule mtu mmoja, na yale maneno mafupi utakayoyasema kijiweni. Yasome kwa sauti mara tatu, kisha kunja karatasi uitie katika mfuko ule uliokuwa ukiwekea kiberiti.